Pesa za Korona, Kaunti ya Alizeti na swali la nani anaitwa mkulima

Kuna kaunti Marekani inaitwa Sunflower. Ndio, Kaunti ya Alizeti, na cha kuchekesha ni kwamba kilichoijenga si alizeti, ni pamba. Iko jimbo la Mississippi, kwenye lile bonde tambarare wanaloita Delta, na makao yake makuu ni mji mdogo unaitwa Indianola. Ina watu kama 26,000 hivi. Estate yenu pekee pengine iko na watu wengi kuliko hiyo kaunti nzima. Usiifananishe na kaunti zetu 47 zenye gavana na mabunge. Marekani ziko zaidi ya 3,000, na Mississippi peke yake iko na 82. Ni kama sub-kaunti yenye sherifu.

Watu zaidi ya asilimia 70 hapo ni Weusi. B.B. King alifanya kazi kwenye mashamba ya hapo akiwa kijana kabla ajulikane kwa gitaa. Gereza la Parchman, lile maarufu la wafungwa kulimishwa pamba, liko hapo pia. Na ardhi yenyewe, ile nyeusi yenye rutuba inayoenda mpaka macho yanachoka, kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa Wazungu wachache.

Shikilieni hiyo picha juu tunaenda kuongea kuhusu pesa.

Mnakumbuka 2020. Sisi tulifungiwa nyumbani, shule zimefungwa, curfew, polisi na mijeledi. Kule Marekani wakulima walikuwa na shida ya aina yake. Mikahawa na shule zilifungwa, kwa hivyo maziwa hayakuwa na mnunuzi. Watu wakamwaga maziwa kwenye mitaro. Vichinjio vya nguruwe vikafungwa juu wafanyakazi waliugua, nguruwe wakazidi kunona mabandani, wengine wakauliwa na kuzikwa bila mtu kula hata kipande. Bei ya mahindi, pamba, ng'ombe, yote chini. Hii haikuwa drama ya kuitisha pesa. Shida ilikuwa ya kweli, na mtu akikuambia serikali haingefaa kusaidia wakulima mwaka huo, huyo anaongea tu.

Basi Bunge la Marekani likapitisha sheria ya CARES, ikatiwa sahihi tarehe 27 Machi 2020. Dola trilioni 2.2. Ndani yake kulikuwa na dola bilioni 9.5 za wakulima, na nyingine zikaongezwa kutoka mfuko ambao Wizara ya Kilimo yao imekuwa nao tangu zamani. Tarehe 17 Aprili wakatangaza mpango unaoitwa CFAP, dola bilioni 16 za kulipwa wakulima moja kwa moja. Mwezi Mei maombi yakafunguliwa. Septemba, uchaguzi ukinukia, Trump akasimama Wisconsin kwenye mkutano wa kampeni akatangaza raundi ya pili. Ukijumlisha hiyo na malipo mengine ya kilimo, serikali ya Marekani ililipa wakulima zaidi ya dola bilioni 45 mwaka huo mmoja. Hawakuwa wamewahi kulipa pesa nyingi hivyo.

Sasa, pesa ziligawanywaje? Hapa ndio watu wengi husinzia, lakini ngoja, hapa ndio kila kitu kiko.

Zililipwa kwa kipimo. Uko na ng'ombe wangapi, ulivuna kiasi gani, umelima ekari ngapi. Ng'ombe wa nyama kwenye raundi ya pili alikuwa dola 55 kwa kichwa, nguruwe dola 23. Mpunga, ambao unalimwa sana Delta, ulilipwa dola 15 kwa kila ekari. Fanya hesabu ya darasa la nne. Mwenye ekari 40 anapata dola 600. Mwenye ekari 5,000 anapata dola 75,000. Kulikuwa na kikomo, ndio: dola 250,000 kwa mtu mmoja kwa kila raundi. Lakini ukiwa umesajili shamba kama kampuni yenye wanahisa watatu wanaofanya kazi hapo, kikomo kinapanda hadi dola 750,000. Kwa nchi ambayo inapenda kumwimbia mkulima mdogo kwenye matangazo ya malori, hicho kikomo ni kikubwa kweli.

Fomu haikuuliza wewe ni rangi gani ndio ilipe. Haikuhitaji. Machi 2021, waziri mpya wa kilimo, Tom Vilsack, akaambia gazeti la Washington Post kwamba kwenye karibu dola bilioni 26 za hizo raundi mbili, wakulima Weusi walipata dola milioni 20.8. Yaani katika kila dola 1,000 zilizotoka, wakulima Weusi wote wa Marekani wakiwekwa pamoja walipata chini ya dola moja. Kumbuka wao ni zaidi kidogo ya mkulima mmoja kati ya mia. Kwa hivyo hata wangegawiwa kwa kichwa tu, bila huruma yoyote, katika hiyo elfu moja wangepata dola kumi na kitu. (Na Vilsack asijifanye mgeni kwa hii maneno. Alikuwa waziri wa hiyo hiyo wizara miaka yote minane ya Obama.)

Jibu rahisi ni kusema "ubaguzi" alafu tuendelee na siku. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sitajifanya profesa, lakini hilo jibu linaruka swali lenyewe. Kama hesabu ni ekari mara dola 15, na hesabu haina macho, basi swali ni kwamba ekari zilifikaje pale zilipo. Na hiyo haikuanza 2020.

Twende 1933.

Marekani iko kwenye ule mdororo mkubwa wa uchumi, bei ya pamba imeanguka. Rais Roosevelt anapitisha sheria mwezi Mei, jina lake fupi AAA. Wazo: tukipunguza pamba sokoni, bei itapanda. Kwa hivyo serikali inamlipa mkulima ili asilime. Na kwa sababu mwaka huo pamba ilikuwa tayari imeota, wakalipa watu waing'oe. Zaidi ya ekari milioni 10 ziligeuzwa na jembe zikiwa shambani. Inasemekana nyumbu walikuwa wanakataa (si nyumbu wa Mara, yule mtoto wa punda na farasi), juu maisha yao yote walikuwa wamefunzwa wasikanyage mstari wa pamba.

Sasa Delta ilikuwa inalimwa na nani? Si mwenye shamba. Ilikuwa inalimwa na familia zilizokaa ndani ya shamba la mtu, wengi wao Weusi, wanalima na kulipwa kwa sehemu ya mavuno. Mbegu wanakopeshwa na mwenye shamba, chakula wanakopeshwa kwa duka la mwenye shamba, vitabu vya hesabu anaandika mwenye shamba. Mwisho wa mwaka unaambiwa bado uko na deni. Kama babu yako aliwahi kukuhadithia kuhusu maskwota kwenye mashamba ya walowezi kule Rift Valley, unaelewa bila kuchorewa.

Serikali ikatuma hundi kwa nani? Kwa mwenye ardhi. Yeye ndiye alitakiwa agawie familia zinazolima sehemu yao. Wengine walifanya hivyo, wengi hawakufanya. Na kuna kitu kibaya zaidi. Ukilipwa ili ulime ekari chache, hauhitaji watu wengi. Familia zikafukuzwa. Pesa zile zile wenye mashamba wakanunulia trekta. Kwenye kaunti ya jirani, Bolivar, kulikuwa na shamba kubwa la pamba la kampuni ya Delta and Pine Land, mali ya wenye viwanda vya nyuzi kutoka Manchester, Uingereza. Mkuu wake, Oscar Johnston, wakati huo huo alikuwa mkurugenzi wa fedha wa mpango wenyewe wa AAA. Huyo huyo analipa, huyo huyo analipwa. Hata sisi tunaojua tenda vizuri hapo tunapiga saluti.

Ng'ambo ya mto Mississippi, kwenye jimbo la Arkansas, mji wa Tyronza, Julai 1934, wanaume 18, Wazungu 11 na Weusi 7, walikutana wakaunda chama cha wakulima wasio na ardhi. Weusi na Wazungu kwenye chumba kimoja, Kusini, 1934. Walipigwa, wakafukuzwa, wengine wakapigwa risasi. Mawakili vijana ndani ya AAA waliojaribu kulazimisha wenye mashamba wasifukuze watu wao walifutwa kazi Februari 1935. Kwa hivyo usiniambie ati hakuna aliyeona. Watu waliona, wakasema, wakatolewa ofisini.

Na kitu kingine kilizaliwa hapo: kamati za kaunti. Serikali ya Washington iliamua kwamba mambo ya mashamba yaamuliwe na wakulima wenyewe mashinani, kamati ya kuchaguliwa katika kila kaunti. Ukisikia hivyo inakaa poa, ni ugatuzi. Lakini kwenye kaunti ambapo mtu Mweusi akijaribu kujiandikisha kupiga kura anapoteza nyumba, kamati ya mashinani ni ya nani? Kamati ndiyo inasema shamba lako linaruhusiwa pamba ekari ngapi, na hiyo namba ndiyo inaamua malipo yako.

Nimesema kupoteza nyumba. Hii si lugha ya mafumbo. Tarehe 31 Agosti 1962, mwanamke wa miaka 44 anaitwa Fannie Lou Hamer alipanda basi na wenzake 17 kutoka Ruleville hadi Indianola, ndani ya hiyo hiyo Kaunti ya Sunflower, kwenda kujiandikisha kupiga kura. Walipewa mtihani wa katiba, wakaangushwa. Jioni alipofika shambani alikokuwa amefanya kazi miaka 18, mwenye shamba akamwambia aende akafute lile ombi au atoke. Akatoka usiku huo huo. Mumewe alilazimika kubaki mpaka pamba iishe kuvunwa.

Kazi ya Hamer pale shambani haikuwa kuchuma tu. Alikuwa karani wa hesabu, anaandika saa na uzani wa pamba ya kila mtu. Mizani ya mwenye shamba ilikuwa imechezewa ili isome chini. Hamer alikuwa na jiwe lake la mizani, na mwenye shamba akigeuka anaweka lile lake ili watu wapimiwe haki yao. Mtu yeyote ambaye shosho yake amewahi kupeleka majani chai kituoni anajua hiyo stori ya kilo kupotea njiani. Mimi huyo mama nampenda kwa hilo jiwe kuliko hotuba zake zote, na hotuba zake zilikuwa moto.

Majira hayo hayo ya baridi, kaunti jirani ya Leflore ilisimamisha kugawa chakula cha msaada cha serikali kuu, na maelfu ya familia ndio walikuwa wanakitegemea wakati hakuna kazi ya pamba. Sababu: Weusi walikuwa wanajiandikisha kura. Msaada ulikuwepo, chakula kiko stoo, lakini ufunguo uko na kaunti.

Sasa weka upande wa pili. Kaunti hiyo hiyo ya Sunflower, kijiji cha Doddsville, hata si mbali na Ruleville, kulikuwa na shamba la familia ya James Eastland, ekari zaidi ya 5,000. Eastland alikuwa seneta kwa zaidi ya miaka 35, mpaka 1978. Miswada ya haki za kiraia ilikuwa inaenda kwa kamati yake kufia huko. Na alikuwa pia kwenye kamati ya kilimo. Miaka ya mwisho ya 1960, shamba lake lilikuwa linapata zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka kutoka serikali, nyingine zikiwa ni za kutolima pamba. Huyu ndiye mtu aliyejenga jina lake akipinga serikali kuu kuingilia mambo ya Mississippi. Kuingilia ni mbaya, hundi ni sawa. Mwaka 1970 Bunge liliweka kikomo cha dola 55,000 kwa mtu kwa kila zao, na mashamba makubwa yakajigawa kwenye karatasi: baba, mama, watoto, kila mtu akawa mkulima anayejitegemea, ardhi ikabaki ile ile. Ile mbinu ya wanahisa watatu ya 2020 ni mjukuu wa hiyo.

Hamer alijaribu njia nyingine. 1969 akaanzisha ushirika, Freedom Farm, wakanunua ekari 40. Hiyo namba ina historia. Januari 1865, mwisho wa vita vya kumaliza utumwa, jenerali Sherman alitoa amri watu waliokuwa watumwa wagawiwe mpaka ekari 40 kwenye pwani ya Kusini, na kabla mwaka uishe rais Johnson akarudishia wenye mashamba wa zamani. Ushirika wa Hamer ukakua hadi ekari zaidi ya 600, na "benki ya nguruwe": familia inapewa nguruwe jike, anazaa, unarudisha watoto wawili kwa benki, mwingine anapewa. Ni chama, wasee. Ni ile chama ya kununuliana mbuzi. Lakini mikopo nafuu ambayo jirani zake walikuwa wanapata kwa ofisi za kilimo haikuwa ya watu kama yeye. Mafuriko, ukame, kodi, madeni. Kufikia 1976 ardhi ilikuwa imeenda. Yeye akafa Machi 1977.

Hiyo ya mikopo si hisia zangu. Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani iliandika ripoti nzima 1965 ikionyesha vile ofisi za kilimo za Kusini zilikuwa zinamfungia nje mkulima Mweusi. Na 1999 jaji aliidhinisha makubaliano ya kesi ya Pigford, ambapo serikali yenyewe ilikubali kulipa maelfu ya wakulima Weusi walionyimwa mikopo au kucheleweshewa mpaka msimu ukapita. Mbegu ukipewa Julai wakati unapanda Aprili, hujakataliwa. Umeuliwa tu polepole. Kwa jumla, Marekani ilikuwa na wakulima Weusi zaidi ya 900,000 mwaka 1920. Sensa ya kilimo ya 2017 ilihesabu chini ya 50,000.

Kwa hivyo 2020 ilipofika, fomu ikauliza "uko na ekari ngapi?", jibu lilikuwa tayari limeandikwa na miaka 87 ya hundi zingine. Ule mpango haukuhitaji mtu mbaya hata mmoja ofisini. Ulihitaji tu kikokotoo.

Na kuna wale hata fomu hawakuifikia. Familia nyingi za Weusi Kusini zinakaa kwenye ardhi ya marehemu. Babu alikufa bila wosia, ardhi ikabaki ya watoto wote, kisha wajukuu wote, hakuna hati yenye jina la mtu aliye hai. Unalima kila siku lakini kwa vitabu vya ofisi wewe haupo. Hapa Kenya hii ni familia ya kila mtu: succession haijafanywa, title iko kwa jina la guka, na mjomba wa Nairobi ndiye anasema hapana. Sheria yao ya kilimo ya 2018 ililegeza kidogo ili watu kama hao wapate namba ya shamba kwa karatasi zingine. Ulegezaji ulikuja miaka miwili tu kabla ya Korona.

Na kabla mcheke Wamarekani, tarehe 23 Mei 2020 Uhuru alitangaza mpango wake wa shilingi bilioni 53.7. Kilimo kilipata nini? Bilioni 3 za pembejeo kwa vocha za simu, zikilenga wakulima wadogo 200,000, na bilioni 1.5 kusaidia wenye maua na mboga za kuuza nje waendelee kufikia soko. Gawanya ya kwanza uone: 15,000 kwa mkulima. Ya pili ilikuwa nusu ya hiyo nzima, kwa sekta ambayo wenye kusafirisha unaweza kuwaita kwa majina. Sisemi maua hayahitaji kusaidiwa, dada zetu wengi wa Naivasha wanakula hapo. Nasema tu kila serikali ina watu ambao tayari iko na namba zao za simu.

Kitu kimoja kinanichekesha bado. Kulikuwa na mfuko mwingine wa Korona Marekani, mikopo ya PPP, ambapo mkulima anayejifanyia kazi peke yake angepata mpaka dola 20,833, na mkopo unasamehewa. Waandishi wa ProPublica walipekua 2021 wakapata mamia ya mashamba hewa yaliyopewa: mashamba ya machungwa Minnesota, kule ambako baridi inagandisha ziwa, na ranchi ya ng'ombe kwenye mji wa ufuo New Jersey. Shamba ambalo halipo lilipata pesa kwa kubofya simu, na mtu anayelima shamba la babu yake anaambiwa alete cheti cha kifo cha 1951.

Turudi Sunflower, kwa watu wanaoshika jembe leo. Au tuseme wanaoshika usukani, juu sasa ni trekta zenye kompyuta. Septemba 2021, wanaume sita Weusi walishtaki shamba moja hapo. Walisema shamba lilikuwa linaleta Wazungu kutoka Afrika Kusini kwa viza za kazi za msimu, linawalipa zaidi ya dola 11 kwa saa, na wao wenyeji, waliowafundisha hao wageni kazi, wanalipwa dola 7.25, kile kima cha chini kabisa cha sheria, wikendi dola moja zaidi. Kesi iliisha Desemba 2022 kwa makubaliano nje ya hukumu. Soma tena polepole: mtu ametolewa Afrika, akasafirishwa mpaka Mississippi kulima, na safari hii ni Mzungu, na bado aliyefinywa ni yule yule.

Hao sita, na wengine kama wao, hawakuwa na ekari. CFAP haikuwa yao. Kwa mfanyakazi wa shamba na wa kiwanda cha nyama kulikuja mpango wake baadaye, pesa zikapitishiwa mashirika yaliyotangazwa 2022: dola 600 kwa mtu, mara moja. Korona ilipokuwa inaua watu vichinjioni, serikali ilikuwa inawaita wafanyakazi muhimu. Mwenye shamba: kikomo dola 250,000. Mfanyakazi muhimu: 600.

Kulikuwa na jaribio la kurekebisha. Machi 2021 Bunge likatenga kama dola bilioni 4 za kufuta madeni ya serikali kwa wakulima Weusi na wa jamii zingine zilizobaguliwa. Mara hii sheria ilitaja rangi wazi. Wakulima Wazungu wakaenda kortini Wisconsin, Florida, Texas, wakisema wamebaguliwa. Kufikia Juni majaji walikuwa wamesimamisha. Karibu hakuna aliyelipwa. Agosti 2022 Bunge likafuta kile kifungu lenyewe. Fikiria vile hiyo inafanya kazi: mpango uliotoa chini ya dola moja kwa elfu kwa Weusi ulipita, maana kwenye karatasi haukuona rangi. Ule uliotaja kilichofanyika ndio ukaitwa ubaguzi. Mimi naelewa hoja ya kisheria, nimeisoma mara mbili. Lakini wale majaji walianza kusoma hadithi kwenye ukurasa wa mwisho.

Badala yake ikawekwa dola bilioni 2.2 kwa mtu yeyote, rangi yoyote, anayeweza kuonyesha alibaguliwa na ofisi za mikopo ya kilimo kabla ya 2021. Fomu ndefu, karatasi za miaka ya nyuma, wazee wa miaka 80 wakitafuta barua za kukataliwa mkopo ambazo walichoma kwa hasira. Julai 2024 pesa zikatoka: dola bilioni 2 kwa watu zaidi ya 43,000, wengi wao wakiwa Mississippi na Alabama.

Hao walilipwa kwa mafungu mawili. Kama 23,000 walikuwa na shamba au bado wako nalo, wakapata kati ya dola 10,000 na 500,000. Wengine kama 20,000 walipata kati ya dola 3,500 na 6,000. Hawa wa pili ni watu waliotaka kulima, wakaenda ofisini kuomba mkopo, wakanyimwa, na hawakulima kamwe. Hawapo kwenye sensa yoyote ya kilimo, wala kwenye ile hesabu ya ekari ya 2020.